Makali na Sindano za Ng'ombe

Machinjioni watu waliulizana habari za Makali kila asubuhi kabla ya kuulizana habari za wake zao. "Leo yukoje?" Jibu likiwa "yuko sawa," kazi iliendelea kwa kelele na mizaha kama kawaida. Jibu likiwa "leo siyo," hata wachuna ngozi wenye vifua vya kubebea robo ya fahali walipita wakiambaa ukuta wa pili, macho chini, kama wanafunzi waliochelewa.

Kazi yake ilikuwa chumba cha matumbo. Meza ya bati, mpira wa maji, ndoano ukutani, na sakafu isiyokauka mwaka mzima. Mkaguzi wa nyama, mzee mwenye miwani na muhuri, alipasua kila ini kutafuta ugonjwa. Lililoharibika alilimwagia rangi likatupwa. Lenye uvimbe mmoja au miwili alilisukuma upande wa Makali, naye akauondoa kwa ncha ya kisu na kuiacha nyama nyingine nzima. Wenzake walikata nusu ya ini kwa ajili ya uvimbe wa ukubwa wa karanga. Yeye hakuweza. Alisema huo ni uvivu, na uvivu ulimkera kuliko wizi.

Jina la Makali alilipata wiki yake ya kwanza. Mpasua mifupa mmoja, jitu lenye shingo nene, alimshika kiuno mbele ya wenzake, wakacheka. Yeye akachukua mguu wa ng'ombe uliokuwa juu ya meza, akamtandika nao shavuni, upande wa kwato. Jamaa akaenda chini na meno mawili yakamtangulia. Alipojaribu kuinuka akaongezewa, asije akasema hakushiba. Msimamizi alikuja mbio akauliza nani ameona. Mlikuwa na watu thelathini mle ndani, na hakuna aliyeona.

Basi huyo ndiye Makali, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mkono usiokawia. Lakini kulikuwa na kitu kilichompiga yeye kila mwezi, na hicho hakikuwa na shavu la kurudishiwa.

Kilianza akiwa na miaka kumi na mitatu. Wasichana wengine walivunja ungo wakanunuliwa nguo mpya. Yeye alivunja ungo akajikunja sakafuni siku nne, meno yameuma kona ya godoro. Mama yake alimwambia, "Sote tunaumwa. Jikaze. Mvumilivu hula mbivu." Mwaka uliofuata siku moja alikataa kabisa kwenda shule, akasema hawezi kusimama. Mama akafungua kamba ya kuanikia nguo, akamcharaza miguuni mpaka akasimama. Alikwenda shule na maumivu mawili, moja tumboni, jingine mapajani, na la mapajani ndilo lililokuwa afadhali.

Mama huyo hakuwa mkatili, tusimsingizie. Alikuwa anafua nguo za watu kutwa, analea watoto wawili peke yake, na mtu aliyelala mchana kwake alikuwa mvivu au maiti. Alichokijua ni maumivu yake mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila mama huyu aliamini vitanda vyote ni kimoja.

Makali akajikaza. Akajikaza mpaka akawa mtu wa kupiga. Siku zake zikiwa mbali alikuwa mcheshi, mtu wa kukupa nusu ya mkate wake. Zikikaribia, uso ulimkaza na mikono ikaanza kutafuta kazi. Alipoolewa na fundi viatu, mwanamume mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, majirani walimhurumia bibi harusi kwa mazoea tu, kisha wakabadilisha huruma wakampa bwana harusi. Fundi alikuwa na kovu juu ya jicho. Wateja walipouliza alisema ameangukiwa na rafu. Ilikuwa chupa. Alikuwa amemletea mkewe maji ya moto ya kujikanda, akasema, "Pole, itapita." Neno "itapita" ndilo lililompatia chupa. Kesho yake mkewe alilia juu ya jeraha lile kuliko alivyolilia tumbo lake.

Mwaka wa pili wa ndoa akashika mimba. Miezi yote ile hakuumwa, na fundi viatu alishona jozi ya viatu vidogo vya ngozi laini, visivyozidi kidole gumba. Mwezi wa nne mimba ikatoka bafuni, asubuhi, kwa damu ambayo hata yeye aliyezoea damu hakuitegemea. Viatu vile fundi alivitia kwenye moto wa jikoni bila kumwambia. Harufu ya ngozi ikamwambia.

Toka hapo siku nne zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Damu ilikuja na mabonge. Alivaa vitambaa vitatu pamoja na aproni ya mpira juu yake, na machinjioni nani atauliza damu hii ni ya nani?

Sasa, Makali alikuwa na mdogo wake wa kiume, waliofuatana ziwa. Naye alifanya kazi pale pale, ila upande wa zizi ambako ng'ombe husubiri zamu yao. Alikuwa mganga wa mifugo wa daraja la chini, wa kutibu wanaochechemea na kuwatenga wenye homa. Wachinjaji walimwita Tabibu, kwa kejeli, kwa kuwa wagonjwa wake wote walikufa siku hiyo hiyo.

Siku moja, jua limesimama utosini, Tabibu alisikia kishindo nyuma ya zizi. Alidhani fahali amekata kamba. Akamkuta dada yake amepiga magoti, anagonga ukuta kwa paji la uso. Anagonga, anapumua, anagonga. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Dada, acha."

"Niondokee."

"Dada, utajipasua kichwa."

"Ndiyo nataka kiume huku, kule kupumzike."

Tabibu alikuwa na funguo za stoo. Ndani mlikuwa na dawa ya maumivu ya ng'ombe wenye miguu mibovu, chupa za kahawia, na sindano nene. Alimpima dada yake kwa macho kama anavyompima ndama, akapiga hesabu ya uzito, akavuta dawa, akamdunga pajani. Kosa hili asingelifanya mwalimu wala mshona nguo. Watu hawa wawili walikuwa wamekaa miaka mingi mahali ambapo mwili ni mwili, una uzito na una nyama, na kinachomtuliza fahali hakina sababu ya kumshinda mwanamke. Nusu saa baadaye Makali aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna chakula.

Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe. Ikawa desturi. Kwanza sindano moja kwa mwezi, halafu mbili, halafu kila akihisi kiuno kimekaza. Miezi kumi na minne. Machinjioni watu wakaanza kusema Makali amepoa. Hakuvunja kitu nyumbani, na fundi viatu akaanza kununua glasi tena. Lakini alikuwa amepauka viganja, anapumua kama mzee akipanda ngazi, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Hilo la choo hakumwambia mtu. Nani anasimulia choo chake?

Siku alipozimia juu ya meza ya maini, mkaguzi wa nyama mwenyewe ndiye aliyembeba. Walimpeleka hospitali ya jirani, wakampiga picha ya tumbo. Daktari alisoma karatasi bila kuinua kichwa, Makali na mumewe wamekaa mbele yake.

"Kizazi chako kimejaa uvimbe. Si saratani, ondoa shaka. Lakini ni mwingi. Tunatoa kizazi chote, unapumzika."

"Kibaya ni uvimbe au kizazi?" Makali aliuliza.

"Vyote viko pamoja, mama."

"Sijaitwa mama na mtu bado, ndiyo maana nauliza. Mimi nikitupa ini zima kwa ajili ya uvimbe, kesho sina kazi."

"Mama, hapa siyo buchani."

Meza ilipinduka na kila kitu chake, kompyuta, mihuri na kikombe cha chai. Kiti kikafuata, kikapiga kabati la vioo. Walinzi wawili waliingia, wa kwanza akapigwa kiwiko cha pua, wa pili akawa na busara akabaki mlangoni. Fundi viatu alikuwa sakafuni anaokota karatasi moja moja huku akisema samahani, samahani daktari, mpaka mkewe akamshika ukosi akamtoa nje kama mzigo wake.

Njiani fundi akasema neno ambalo hakuwahi kulisema. "Mke wangu, kikitoka kitoke. Mimi nakutaka wewe. Mtoto simjui, wewe nakujua."

Alipigwa kofi. Kisha aliyempiga akamshika mkono kwa mkono uleule, wakatembea hivyo mpaka nyumbani.

Mteja mmoja wa viatu ndiye aliyemtajia fundi hospitali kubwa, yenye daktari mpasuaji anayetoa uvimbe na kuacha kizazi. Walitegemea jibaba. Wakakuta kimama chembamba chenye sauti ya kukwaruza, ndala miguuni. Alichora kizazi kwenye karatasi, akachora uvimbe ndani yake.

"Huu unatoka. Huu unatoka. Huu umejificha ukutani, nao unatoka. Nashona, kizazi kinabaki. Unafanya kazi gani?"

"Nakata maini."

"Basi tutaelewana." Akatazama majibu ya damu, akaweka kalamu chini. "Damu yako ni sita. Mwenzio ana kumi na mbili. Sijui hata hizo ngazi umezipandaje."

"Kwa miguu."

Daktari hakucheka. "Nisikilize vizuri. Kizazi nikikikata kinavuja sana. Damu yako ikiwepo ya kutosha, na ikiganda inavyotakiwa, napata muda wa kushona. Isipoganda, sina muda. Itabidi nikitoe chote, nikuokoe wewe. Na utaniwekea saini ya kunipa ruhusa. Unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya kawaida vya maumivu."

Alidanganya hivyo, macho makavu. Kama angesema ukweli, Tabibu angefukuzwa, pengine afungwe, kwa dawa ya serikali na kwa kumdunga mtu. Damu nzito kuliko maji, na Makali angekatwa kidole kabla ya kumtaja mdogo wake. Tena alikuwa na hofu nyingine asiyoitaja hata kwake mwenyewe, kwamba akitaja sindano, sindano zitakoma.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Baada ya wiki sita damu ilikuwa sita vilevile. Daktari akakuna kichwa, akauliza tena, akajibiwa vilevile. Hatimaye akaamua kumlaza amwongezee damu ya watu. Ndugu wakaitwa kutoa. Fundi viatu akatoa, mkaguzi wa nyama akatoa, mpasua mifupa aliyepoteza meno naye akatoa, akasema huenda damu yake itampunguzia ukorofi. Tabibu alikuja wa mwisho, asubuhi ya upasuaji, bado ana matope ya zizi kwenye viatu.

Makali alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali, hajala tangu jana. Muuguzi akauliza mara ya tatu kama kuna sindano yoyote, ya kienyeji, ya dukani, ya popote. "Hakuna." Pembeni, karibu na mlango, daktari alikuwa anamweleza fundi viatu kwa nini wanarudiarudia swali. "Kuna dawa kali za maumivu zinazuia damu kuganda na kutoboa tumbo. Mgonjwa akiwa nazo mwilini mimi ninayepasua siwezi kuizuia damu. Kizazi kinakwenda, au mtu anakwenda."

Tabibu alikuwa amesimama hapo, amebana pamba mkononi mahali alipotolewa damu.

"Anadungwa," akasema.

Daktari akageuka. "Na nani?"

"Na mimi. Dawa ya ng'ombe wanaochechemea. Mwaka na miezi sasa. Ya mwisho juzi."

Hakumaliza. Makali alitoka juu ya kitanda kile bila kugusa ngazi yake. Ngumi ya kwanza ilimpata Tabibu mdomoni, ya pili puani, ya tatu ikamkosa ikampata muuguzi aliyeingilia. Sindano ya maji ilichomoka mkononi mwa Makali ikazunguka hewani na mpira wake. Aliangukia juu ya mdogo wake wakaviringika mpaka kwenye ndoo za mopu. Tabibu hakujikinga. Alikuwa ametoa chupa moja ya damu kwa hiari, na sasa alikuwa anatoa nyingine.

"Nilikwambia usiseme. Nilikwambia usiseme," Makali alikuwa akirudia, kila neno na kofi lake.

Walimtoa watu wanne. Daktari alisimama juu yake, akasema kwa sauti ileile ya kukwaruza, "Mrudisheni wodini. Hapasuliwi leo."

Makali alipiga ukelele uliofungua milango ya wodi tatu. Alimtukana daktari, akamtukana mdogo wake, akamtukana na yule aliyemzaa. Alipochoka, daktari alivuta kiti akakaa karibu, umbali wa ngumi moja, na hilo lenyewe lilikuwa ujasiri.

"Ningekupasua leo, jioni hii ungeamka huna kizazi. Kama ungeamka. Mdogo wako amekuokolea kitu ambacho wewe ulikuwa unakificha mpaka kiharibike."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sijui kama waliwahi kumpata mtu ambaye msemo huo unamkaa hivi. Makali aliusikia utotoni mara elfu. Siku ile aligeukia ukuta, akauma shuka.

Masharti yalikuwa haya. Miezi mitatu, bila tone la dawa ile. Dawa za vidonda vya tumbo, maana tumbo lilikuwa limechimbika vidonda kweli na huko ndiko damu ilikokuwa inakwenda. Vidonge vya damu, mboga, maini, na hayo ya mwisho aliyala kwa uchungu kwa kuwa alikuwa haishi kuyaona. Maumivu yakija, vidonge vyepesi tu. Kuhusu Tabibu, daktari alimwita kando, akamwambia maneno ambayo Tabibu hajayasimulia mpaka leo. Hakumshtaki. Tabibu alitoka mle na mdomo umevimba, analia waziwazi mbele za watu.

Mwezi wa kwanza maumivu yalirudi kama mtu aliyefungiwa nje mwaka mzima. Makali alimuuma mumewe mkono, akauma mpaka jino likagusa mfupa, na fundi hakuuvuta. Alisema baadaye alidhani ukivutwa nyama itakwenda nayo. Visu vya kukatia ngozi alivifungia kwenye sanduku la karakana, na ufunguo akauvaa shingoni.

Mwezi wa pili Makali alitoka kitandani adhuhuri, akatembea mpaka machinjioni ameinama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Alikwenda moja kwa moja stoo ya zizi. Tabibu alikuwa anahesabu chupa.

"Nidunge."

"Siwezi, dada."

"Moja. Nusu. Mwezi mmoja umebaki, nusu haitaonekana."

"Siwezi."

Ukutani palikuwa na kamba ya kuongozea ng'ombe. Aliitwaa akamchapa nayo, mgongoni, mabegani, usoni. Kamba ile ina fundo mwishoni, na kila fundo lilipotua shati lilichanika. Ng'ombe wakaanza kupiga mateke mbao za zizi. Tabibu aliegemea rafu, akaikumbatia, akapigwa hivyo mpaka mkono wa dada yake ukaanza kuchoka. Ndipo alipogeuka. Akachukua chupa ya kwanza akaipasua sakafuni. Ya pili. Ya tatu. Akaendelea kupasua chupa zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, mpaka dawa ikawafika kwenye vidole vya miguu na vioo vikawakata wote wawili.

"Nipige mpaka uchoke," alisema. "Lakini hii huipati tena. Mimi ndiye niliyekupa, mimi ndiye nimemaliza."

Kwa chupa zile alisimamishwa kazi wiki mbili. Aliandika kuwa fahali ameingia stoo, na msimamizi, aliyeujua uso wa fahali huyo, alisaini.

Mwezi wa tatu alikuja mama yao. Alikuwa amesikia habari kwa vipande. Alimkuta binti yake sakafuni, magoti kifuani, amejifunika gunia kwa kuwa shuka zote zilikuwa zimelowa. Mama akavua viatu, akakaa, akasema kwa upole kabisa, "Vumilia mwanangu. Sote tunaumwa."

Sufuria ilimpita sikioni ikagonga ukuta. Ya pili ilimpata begani. Mama aliondoka akiwa ameshika viatu mkononi, hakuvivaa mpaka alipofika barabarani.

Siku ya upasuaji ilipofika damu ilikuwa kumi na nusu. Daktari alimletea karatasi ya ruhusa, ile aliyomtajia siku ya kwanza, inayosema kizazi kitolewe ikiwa roho iko hatarini. Makali aliisoma mara mbili.

"Utakitoa?"

"Nikishindwa."

"Utajaribu kwanza?"

"Nitapigana kwanza," daktari alisema.

Lugha hiyo Makali aliielewa. Akasaini, herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi.

Ilichukua saa tatu na nusu. Nje, fundi viatu alikaa upande mmoja wa benchi na Tabibu upande mwingine, na fundi, kwa kukosa cha kufanya, alimvua shemeji yake kiatu kilichoachia soli akaanza kukishona. Daktari alipotoka, gauni lake lilikuwa limelowa damu kifuani mpaka magotini, kama mtu wa chumba cha matumbo.

Makali aliamka koo kavu, tumbo linawaka moto. Aliuliza neno moja. "Kipo?"

"Kipo. Nimetoa kumi na mmoja, mkubwa kuliko wote ni kama ngumi yako. Mmoja ulinisumbua, kizazi kikavuja nikadhani nimeshindwa. Nimekishona tabaka tatu. Mimba usishike kabla mwaka haujaisha, na siku ya kuzaa utapasuliwa, usije ukamruhusu mtu akuambie usukume. Na uvimbe unaweza kuota tena, sikudanganyi."

Makali aliweka kiganja juu ya bandeji. Alilala bila kukiondoa.

Siku zake za kwanza zilirudi baada ya wiki saba. Alizisubiri kama anavyosubiriwa jambazi aliyetuma barua. Alimtuma mumewe karakana. Aliondoa glasi mezani, akafunga mlango wa jikoni, akakunja taulo la kuuma. Akakaa kitandani, mgongo ukutani, ngumi zimekaza. Asubuhi ilipita. Kiuno kikawa kizito, tumbo likasokota kidogo, likaacha, likasokota tena. Alisubiri maumivu yenyewe yaje. Adhuhuri mama yake alibisha hodi, ameleta chai kwenye chupa, tayari kukimbia.

Mama alimkuta amekaa vilevile, taulo kavu mkononi.

"Yameanza?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Tangu asubuhi."

"Sasa mbona umekaa?"

Makali alishusha taulo. "Mama. Hiki ndicho mlichokuwa mkiumwa nyinyi?"

"Hiki kipi?"

"Hiki. Kama kuvimbiwa. Kama mtu amekukanyaga kidogo akaomba radhi. Hiki ndicho sote tunaumwa?"

Mama aliweka chupa ya chai chini. Alifikiri, maana alikuwa mtu wa kweli. "Siku ya kwanza kinazidi hapo kidogo," alisema. "Ya pili kinapoa."

"Na mimi ukadhani ni hiki."

"Nilidhani ni hiki."

Miaka ishirini. Makali alisimama. Hakujua anasimama kwa lipi. Mikono yake ilikuwa imesimama nayo, kama ilivyozoea, na akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Mama yake aliinua mkono akajikinga uso.

Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba, ngozi imekunjamana kwa sabuni za watu. Makali alisimama hapo akiutazama. Akaushika, akaushusha taratibu mpaka ukafika mapajani pa mwenyewe, akaendelea kuushikilia. Hakumpiga. Hakumsamehe pia, siku ile. Walikaa chini kwenye kizingiti, bega kwa bega, na Makali akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza bila kuvunja kitu, huku mama akirudia tu, "Sikujua. Mwanangu, mimi sikujua."